Vinyonga Ndani ya Matenga ya Kabichi

Ashukuriwe Mungu, anayeifunika Magamba kwa ukungu kila alfajiri na kuifunua tena kabla hatujasahau kwamba kuna mlima. Ashukuriwe kwa magoti yangu, ambayo hayafai tena kupanda lakini bado yanakubali kukunjwa wakati wa sala. Ashukuriwe kwa vyote alivyoumba, vinavyoruka, vinavyokimbia, na vile vinavyotembea kana kwamba vinasubiri kusindikizwa. Habari za hivi vya mwisho ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Wanangu, hivi karibuni walinijia vijana wa hifadhi, wamevaa sare safi na buti zinazong'aa. Nilipoziona zile buti nilijua hawajafika bondeni.

"Shikamoo babu," akasema mkubwa wao. "Tunaomba utueleze historia ya uhifadhi hapa kwetu. Kwa kifupi tu, tunarekodi."

"Marahaba. Kwa kifupi kiasi gani?"

"Dakika tano hivi, babu. Ikizidi hapo haiendi."

Nikamuuliza haiendi wapi. Wakacheka, wakaniona mzee wa kuonewa huruma. Basi nikawaeleza habari za mvua, namna ilivyokuwa ikinyesha zamani, dakika tano zikaisha, wakanishukuru sana, wakaondoka wameridhika. Haya ninayoandika sasa ni yale waliyoyaacha mezani pamoja na vikombe vya chai.

Nilikuwa mlinzi wa msitu, kutoka upande wa Shume hadi kingo za Kwai. Cheo changu kilibadilishwa jina kila walipobadilika wakubwa, lakini kazi ilibaki ile ile, nayo ni kutembea. Aliyenifundisha kutembea ni Mzee Ramadhani, mtu wa Soni, mlinzi wa siku nyingi. Mimi Mlutheri, yeye Mwislamu. Kila mmoja alisali kwa saa yake, mwenzake akimshikia panga.

Nilipoanza nilipewa filimbi, nami nikaipuliza kila kona, kwa bidii ya mtu mpya. Mzee Ramadhani akavumilia mpaka mchana, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa wezi wa miti unawatafuta au unawaaga?" Aliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo cha wainjilisti na nilifundisha watoto shule ya Jumapili. Filimbi nikaiweka mfukoni.

Alinifundisha kusikiliza panga kutoka mbali. Mti mkavu unalia ukikatwa, mti mbichi unaumeza mlio. Ukisikia unalia, pita zako, huyo ni mama anatafuta kuni. Ukisikia umemezwa, kaza mwendo. Alinifundisha pia kuwaona vinyonga, ambao watu wengi wanapita chini yao maisha yao yote bila kuwaona. Upepo ukipita, majani yote huenda na kurudi pamoja. Kuna moja litaendelea kuyumba wakati upepo umeshapita. Hilo si jani.

"Kule," angesema Mzee Ramadhani, akionyesha kwa fimbo, amegeuza uso. "Umemwona? Haya, twende."

Maana alikuwa akiwaogopa. Mtu aliyewahi kumfukuza nguruwe pori kwa kumtukana tu, kinyonga alimzunguka kwa mbali kama moto. Hakuwa peke yake. Milima yetu yote ilikuwa hivyo. Nimemwona mama mwenye mzigo wa viazi kichwani, ameshafika karibu na barabara, anasikia gari linapiga honi, anageuka kurudi nyumbani kwa sababu ya mnyama asiyejaa kiganja aliyekuwa akivuka njia. Gari likaenda, viazi vikarudi. Wenye mimba walifunikwa macho. Na wote hao Jumapili walikuwa kanisani wakiimba kwamba hawaogopi kitu.

Nilimwuliza Mzee Ramadhani siku moja, "Mzee, wewe mtu wa dini. Kweli unaamini yule ana laana?"

"Kichwani najua hana kitu," akasema. "Moyoni pia najua. Mkono ndio haujasilimu."

Mimi niliamua mkono wangu usikie mafundisho. Nilijizoeza polepole, na niliumwa, maana kinyonga dume anauma, si kwa sumu bali kwa kinyongo. Nikajifunza kwamba hashikwi kwa kuvutwa. Ukimvuta, ameng'ang'ania tawi kwa vidole vyake vyote, utamvunja mguu. Unaweka mkono mbele yake, juu kidogo ya alipo, unasubiri. Kinyonga siku zote anataka kupanda. Mahali palipo juu zaidi ndipo anapopataka, na hajali kama ni tawi, mkono au kofia ya mtu. Nikamleta mmoja shule ya Jumapili, dume wa pembe mbili puani, nikawaonyesha watoto kazi ya Mungu.

Mzee wa kanisa wetu, Mzee Hiskia, akasimama mlangoni. "Mwalimu, huyo si ametajwa miongoni mwa wanyama najisi?"

"Ametajwa katika habari za kula, Mzee. Nani amekuambia umle?"

Watoto wakacheka. Mzee Hiskia hakucheka, na jambo hilo hakulisahau. Mkumbukeni huyu, tutakutana naye tena akiwa na usafi wa namna nyingine.

Kisha zikaja zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ninyi mmezisoma darasani, sisi zilitukuta barabarani. Kwanza ilikuja mitumba pale Soni, ghafla kila mchunga mbuzi ana koti la ofisini. Zikaja redio za kaseti. Zikaja sabuni za kila rangi, nami nilimshukuru Mungu kwa ajili ya sabuni, kwa dhati kabisa, maana kabla ya hapo tulioga kwa majivu na subira. Mtu asiseme mzee huyu anachukia maendeleo. Lakini neno ruksa lina miguu mirefu. Lilianzia dukani, na muda si muda tulilikuta msituni limeshika panga.

Wakubwa wetu nao wakachangamka. Tukaitwa semina mjini Lushoto, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki. Mtaalamu akabandika ukutani picha kubwa ya tembo, akatuuliza tutafanya nini tembo akivamia shamba. Tukatazamana. Katika msitu wetu mnyama mkubwa ni nguruwe. Mzee Ramadhani akanyoosha mkono kwa adabu. "Tutamshangaa, bwana." Tukapewa soda, tukaambiwa tumeelimika, tukapandishwa gari kurudi kwenye msitu usio na tembo. Siku hizi mnapewa maji ya chupa badala ya soda. Picha ya tembo nadhani ni ile ile.

Ndipo akaja Bwana Kibali. Jina lake halisi nilisahau kwa hiari yangu. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na kibali cha kununua wanyama hai, amekifunga kwenye nailoni, na alikitoa kwa kila aliyemsalimia. Ukisema habari za asubuhi, unaonyeshwa kibali. Alikuja na gari dogo la turubai, na miwani ya jua ambayo katika ukungu wetu ilimfanya ajikwae mchana kweupe. Akasimama karibu na wauza mboga akatangaza kwamba ananunua vinyonga.

Watu walidhani ni mgonjwa.

"Vinyonga wa kufanyia nini?" akauliza Mama Yunisi. Huyu alikuwa muuza kabichi na karoti, mjane mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili.

"Wazungu wanawafuga mama, ndani ya nyumba za vioo."

"Wanawala?"

"Hawawali. Wanawatazama."

"Tu?"

"Tu."

"Basi nao wana shida zao," akasema Mama Yunisi, akageukia karoti zake.

Lakini alikuwa akilipa papo hapo, na siku chache baadaye nikaona jambo ambalo hata sasa likinijia nacheka bila furaha. Watu walewale waliokuwa wakirudisha viazi nyumbani kwa sababu ya kinyonga, sasa wanatoka alfajiri kumtafuta. Woga ulikuwa palepale, haukupungua hata chembe. Walichogundua ni namna ya kuuza kitu bila kukigusa. Wanamwona kinyonga, wanakata tawi alilokalia, wanalibeba hivyo hivyo, wamelinyoosha mbali na mwili. Kinyonga mmoja, tawi moja. Akiwa juu ya mche wa mkulo, wanakata mche mzima, mti ambao ungehitaji maisha ya mtu na ya mwanawe ndipo ukue. Walishuka barabarani kwa msururu, kila mtu na tawi lake bichi mkononi. Ungedhani ni Jumapili ya Mitende, isipokuwa aliyeshangiliwa mbele hakuwa Bwana wetu.

Na wakala wa Bwana Kibali, aliyepokea matawi hayo, alikuwa nani? Mzee Hiskia. Habari ya najisi ilikuwa imepitwa na wakati.

Mzee Hiskia alikuwa amepakia mboga na peasi za kwenda Dar es Salaam tangu ujana wake, na kwa kazi hiyo sitamnyima sifa yake. Basi alipoletewa vinyonga, akafanya alichokijua. Akachukua tenga, akatandika majani ya mgomba. Akakung'uta kinyonga kutoka kwenye tawi, akaweka kabichi, akakung'uta mwingine, akaweka kabichi. Akanyunyiza maji juu, akashona gunia, likapakiwa kwenye lori la mboga. Kwa kabichi, hakuna aliyepakia vizuri kuliko yeye. Kwa vinyonga ilikuwa ni machinjio. Dume wa kinyonga hawezi kukaa na dume mwenzake, watararuana hadi mmoja azime. Maji hanywi kwenye bakuli wala kwa kumwagiwa, anaramba tone la umande kwenye jani. Na huyu mtoto wa baridi anateremshwa Mombo, ambako jua linakaanga, lori linasubiri abiria na mzigo. Dereva aliniambia mwenyewe kwamba waliokufa walimwagwa kando ya daraja kabla safari haijaendelea, na waliobaki walikuwa weusi kama mkaa.

Jibu la Bwana Kibali lilikuwa fupi. "Hao walikuwa dhaifu. Leteni wengine."

Mzee Hiskia akanijia nyuma ya kanisa, anatazama huku na huku. "Mwalimu, wale viumbe wanakataa kabichi."

"Wanakula nzi, Mzee. Nzi na panzi."

"Nzi?" Akanitazama kwa uchungu. "Na kabichi nzuri namna hii?"

Akaondoka ameudhika, kana kwamba nimeitukana wilaya nzima.

Sasa niwaeleze jambo lililoninyima usingizi. Juu ya kijiji chetu kuna bonde dogo lenye mikulo mikubwa, na chini ya mizizi yao inatoka chemchemi inayojaza mfereji wa mashamba yote ya mboga. Mpaka wa msitu wa serikali unapita juu ya bonde lile. Bonde lenyewe ni la kijiji. Kwa hiyo mimi na Mzee Ramadhani hatukuwa na amri pale, tulikuwa na midomo tu. Kingo zote za msitu zilikuwa zimeshanyolewa, maana tulikuwa wawili, tukifukuza huku wanakata kule, na vinyonga wa kingoni walikuwa wamekwisha. Palipobaki na vinyonga wengi ni bondeni. Bwana Kibali akaomba kijiji kimfungulie.

Wanawake walikataa kwanza. Walisema miche ikikatwa jua litaingia kwenye chemchemi, na mfereji utakauka. Hapo Bwana Kibali akaonyesha akili yake. Alinifuata nyumbani, akakaa bila kukaribishwa, akavua ile miwani.

"Mwalimu, nasikia wewe unawashika kwa mkono."

"Nawashika."

"Basi wafundishe watu. Wakijua kushika kwa mkono, hakuna tawi litakalokatwa. Wewe unataka miti, mimi nataka vinyonga. Kila mtu atapata chake. Wewe si mtu wa Mungu? Si umekuwa ukiwaambia watu waache ushirikina?"

Wanangu, shetani akija na pembe ni rahisi kumtambua. Anasumbua akija na hoja nzuri. Maana alichosema kilikuwa kweli. Miaka yote nilipigania woga ule uishe. Lakini nilijua ukiisha kwa namna hii, kila mtoto akitoka shule atapitia bondeni na mfuko, na kabla ya Krismasi pale hapatakuwa na kitu cha kuyumba baada ya upepo kupita. Na nikikataa kufundisha, niwaambie nini watu? Kwamba kweli ana laana? Niliyoyahubiri niyameze?

Nilimpelekea Mzee Ramadhani shauri hili, tumekaa kwenye jiwe la mpaka.

"Ukiwafundisha, umewapa ufunguo wa nyumba," akasema.

"Nisipowafundisha, nimekubaliana na woga wao."

"Woga wetu," akanisahihisha. "Mimi nimo." Akachuma jani, akalikunja. "Mwalimu, woga huu ni wa kijinga, najua. Lakini umelilinda bonde lile kuliko mimi na wewe na filimbi yako."

"Kwa hiyo niseme uongo?"

"Nimesema hivyo? Mimi nimekueleza ukuta umejengwa kwa kitu gani. Ukiubomoa, ubomoe unajua."

Hakunisaidia zaidi ya hapo. Nikaomba usiku na asubuhi, na jibu pekee nililopata ni kwamba nisiseme uongo. Mengine sikuyaona.

Mkutano wa kijiji ulifanyika mbele ya ghala la ushirika, ambalo wakati huo halikuwa na kitu ndani isipokuwa popo. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kukubaliana na aliyezungumza mwisho, kwa hiyo Bwana Kibali alipanga azungumze mwisho. Alikuwa amevaa tai. Pembeni yake Mzee Hiskia aliweka tenga moja lenye kinyonga na matenga mengine ya kabichi yaliyokuwa yakisubiri lori.

"Ndugu wananchi," akasema Bwana Kibali, "leo tunaondoa ujinga. Mwalimu Zefania, tafadhali. Waonyeshe ilivyo rahisi."

Nikaenda. Nikafungua tenga, nikaondoa jani la kabichi lililonyauka, nikamkuta dume wa pembe mbili, mkubwa, amekasirika. Nikaweka mkono mbele yake, juu kidogo. Akatafakari kama kawaida yao. Kisha akapanda, mguu baada ya mguu, hadi kwenye kifundo cha mkono wangu. Watu wote wakarudi nyuma kwa pamoja, kama kitambaa kinachovutwa.

"Hana sumu," nikasema. "Hana laana. Ni kiumbe kama viumbe wengine, na Mungu alipomwumba hakukosea." Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na nilivyosema nilihisi bonde linatoka mikononi mwangu.

"Mnaona!" akapaza sauti Bwana Kibali. Lakini sauti yake ilitoka mbali kidogo kuliko pale alipokuwa amesimama mwanzo.

Mama Yunisi naye aligundua. Akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, na waliomfahamu wakaanza kutabasamu.

"Mwalimu, hebu baki hapo hapo. Bwana Kibali, umesema ni rahisi?"

"Rahisi mno mama."

"Tangu uanze biashara hii, umeshika wangapi?"

"Mimi ni mfanyabiashara, mama. Nina watu wa kushika."

"Watu gani?"

"Si ninyi?"

"Aa! Kumbe sisi ndio mikono yako." Akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Mali ni yake, mikono ni yetu. Mwalimu, mpe mwenyewe mali yake!"

"Mpe!" wakaitikia wanawake.

"Bwana mkubwa hajawahi kumshika mwanawe! Mpe ambebe!"

"Mpe! Mpe!"

Msinipe sifa kwa lililofuata. Nilichofanya ni kunyoosha mkono, kama mtu anavyompa mwenzake kitu kilicho chake. Bwana Kibali alikuwa mtu mrefu, mrefu kuliko wote pale. Na nimeshawaambia kinyonga anapenda nini. Yule dume akageuza jicho moja, akaona tai, akaona bega, akaona palipo juu kuliko mkono wangu, akanyoosha mguu wa mbele, polepole, vidole vimepanuka.

"Mtoe," akasema Bwana Kibali.

"Mbona anakutambua?" akauliza Mama Yunisi. "Labda ameona kibali."

"Nimesema mtoe! Mtoe huyo mdudu!"

Mguu ukagusa tai. Bwana Kibali akaruka nyuma kwa kelele ambayo sitaiandika, kwa heshima ya mama yake, akakalia tenga la kabichi, tenga likapasuka, akaingia ndani hadi kiunoni, miguu juu, miwani kule. Mzee Hiskia akakimbilia kuokoa. Aliokoa kabichi.

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walilia. Mwenyekiti alijificha nyuma ya kofia. Mzee Ramadhani alilazimika kwenda nyuma ya ghala.

Kelele zilipotulia, Bwana Kibali akiwa anajipangusa, alijaribu kusema habari ya maendeleo. Mama Yunisi hakumpa nafasi, na safari hii hakuwa akitania.

"Sikilizeni. Kama mnyama huyu ana laana, huyu bwana anataka tuibebe sisi, yeye apande gari. Na kama hana laana, kama anavyosema Mwalimu, basi ni wa kwetu kama mti na maji, akae kwake. Kwa vyovyote vile, sioni huyu bwana anaingia bondeni kwa mlango upi."

Mwenyekiti, akiwa amesikia aliyezungumza mwisho, akakubali. Bonde likafungwa. Mzee Hiskia alipiga kura pamoja na wengine kulifunga, na Jumapili iliyofuata aliomba sala ndefu kuhusu tamaa ya watu wengine.

Mimi nilibaki na kinyonga mkononi. Watu walikuwa wanatawanyika ndipo Mama Yunisi akaja, akasimama karibu, mikono nyuma.

"Mwalimu. Kweli hana kitu?"

"Kweli, mama."

"Niwekee."

Alifumba macho. Nikaweka mkono wangu chini kidogo ya wake, kinyonga akapanda. Alikaza meno, akafungua jicho moja, kisha la pili.

"Kumbe anashika kama mtoto mchanga," akasema.

Akampeleka bondeni yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, mkono mbele, na wanawake wachache wakimfuata kwa mbali. Kwenye chemchemi Mzee Ramadhani alituinamishia tawi la mche wa mkulo ili mnyama apate pa kupandia. Alilishika kwa ncha ya vidole, uso ameugeuzia upande wa Mombo.

"Ameshapanda?" akauliza.

"Bado, baba."

"Sasa?"

"Bado. Ameweka mguu mmoja."

"Huyu mnyama hana haraka kabisa!"

"Tulia, baba. Usitikise."

Akatulia. Jasho lilimtoka, midomo ikisoma dua, lakini tawi hakuliachia.

Msidhani tulimshinda Bwana Kibali. Tulimhamisha tu. Alihamia mlima mwingine, ambako hawakuwa na Mama Yunisi, na kule walinyoa bonde zima. Baadaye masharti ya biashara ile yakakazwa, wakubwa wakafanya semina ya kujipongeza, nasi tukapewa tena soda. Mzee Ramadhani ametangulia mbele ya haki. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwuliza kama mkono umesilimu. Akacheka, akasema, "Bado. Lakini ulitumika."

Woga wenyewe nao umekwisha siku hizi, na sidai urudi. Nawaona ninyi vijana, waongoza watalii, mnavyomkamata kinyonga mchana kutwa. Mnamweka kwenye kofia ya mgeni, begani, kichwani kwa mtoto, anapigwa picha, anapokezanwa kama kikombe cha pombe ya mbege, mkishamchosha mnamrudisha kwenye ua wa hoteli ambako si kwao. Mnaniambia, "Babu, sisi hatuogopi." Naona. Bwana Kibali aliogopa akachukua. Ninyi hammwogopi, na mnachukua pia. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na aibu ya kuanguka kwenye tenga.

Bonde lipo. Sipandi tena, lakini mjukuu wangu anapita pale akienda mferejini, na jioni namwuliza swali moja tu, kama upepo ulipopita kuna jani lililoendelea kuyumba. Anasema lipo. Namwuliza kama alilikaribia. Anasema alisimama akalitazama, kisha akachota maji. Namshukuru Mungu, nalala.

Nawe uliyesoma hadi hapa, zaidi ya dakika tano, Mungu akubariki. Akupe mkono usioogopa alichokiumba, na usiotaka kukibeba kwenda nacho nyumbani. Akupe mwenzako wa kukushikia panga unaposali. Na siku ukipita karibu na chemchemi yetu, akujalie umande, ukungu, na subira ya kungoja hadi mguu wa mwisho upande tawini. Amina.